Mkono Uliogoma Ngazini

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Pole na kazi, pole na mkasi, pole kwa kukaa mbali na mdogo mzuri kama mimi.

Nimetoka hospitali jana. Rovu la shingo limebaki kule kwenye ndoo yao, mimi nimerudi na shingo nyembamba ya twiga. Kovu limelala chini ya koo kama mkufu, na nesi mmoja ameniambia limenipendeza. Hakusema hivyo hasa. Alisema limefunga vizuri. Lakini macho yake yalisema mengine.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu siku ile uliposikia sauti yangu ulilia, na mimi sikupasuliwa ili watu walie. Daktari amesema niipumzishe, itarudi. Kwa sasa naongea kama mlango uliokosa mafuta. Kijiti, yule mwenzangu wa karakana ya mabango, ameanza kuniita Mzee. Nimemwambia basi awe ananiamkia.

Sasa habari yenyewe. Kiwanda cha sabuni kimempa Fundi ukuta wao wote wa barabarani. Neno moja tu: SABUNI. Herufi sita, kila moja ndefu kuliko Fundi akiwa na kofia. Bluu juu ya nyeupe, kivuli chekundu ubavuni. Na Fundi, mbele ya Kijiti, mbele ya msimamizi wa kiwanda, akaninyooshea kidole akasema, "Huo ukuta ni wa huyu." Dada, miaka minne nimepaka milango ya vyoo na namba za nyumba. Ukuta huu ukisimama, mimi si mwanafunzi tena, mimi ni fundi kamili. Amesema kwa mdomo wake, na yule mzee hasemi neno mara mbili.

Dawa nimepewa za kutosha kufungua duka. Kuna kidonge kidogo cha kushika nafasi ya tezi, kwa sababu tezi yenyewe wameing'oa yote. Kuna kimoja cha vitamini. Halafu kuna vyeupe vikubwa kama chaki, vya kalsiamu, wanasema baada ya kisu mwili unaweza kuishiwa. Chokaa, Dada. Miaka yote naipaka kwenye kuta, sasa imekuwa zamu yangu kupakwa kwa ndani. Nesi alinieleza mengi kuhusu kuzimeza, ila na mimi nilikuwa namweleza mengi. Usijali. Nina utaratibu wangu.

Mdogo wako,
Mkono wa Dhahabu


13 Machi

Mkono wa Dhahabu,

Marahaba. Huo mkono wa dhahabu mbona umeandika kama mkono wa udongo?

Nakata vitambaa vya sare huu mwaka wa kumi na moja. Mstari ukipinda nauona kabla rula haijauona. Wewe tangu darasa la pili unaandika kama mashine ya chapa, na Fundi alikuchukua kwa hilo, hakukuchukua kwa sura. Barua yako mwanzoni mistari imesimama. Mwishoni imelewa. Jina ulilojipachika linatambaa kama mende aliyekanyagwa nusu.

Nikuambie ambacho sikukuambia. Siku ya pili baada ya operesheni, wewe umelala mdomo wazi, daktari aliniita kwenye korido. Akasema nyuma ya tezi ile kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele, na hivyo ndivyo vinavyochunga kalsiamu kwenye damu. Hawakuvitoa, lakini kisu kikipita karibu vinashtuka. Vingine huamka baada ya wiki, vingine miezi, vingine haviamki tena. Akaniambia, "Akianza kusikia ganzi vidoleni au mdomo kumwasha pembeni, asingoje kesho."

Nina maswali mawili. Unasikia ganzi? Na vile vyeupe unavimeza?

Usinijibu kwa masihara. Mama alivyoniachia wewe, meno ya mbele ulikuwa huna. Kila jino nililingoja mimi.

Dada yako


20 Machi

Dada mwenye rula machoni,

Shikamoo. Naanza na swali la pili maana hapo nina la kujisifia. Sikosi hata kidonge kimoja. Kaa chini nikupe elimu.

Kwenye pakiti wameandika 1×3. Mimi niliishia darasa la sita, lakini moja mara tatu ni tatu, hata mwalimu mkali haniondoi hapo. Wagonjwa wengine wanahangaika kutwa nzima, hiki asubuhi, hiki mchana, kile usipokula usimeze. Mimi ni mtu wa rangi. Kwetu rangi ya siku nzima tunaichanganya mara moja, asubuhi, ndoo moja. Ukichanganya kidogokidogo, saa nne una bluu hii, saa tisa una bluu nyingine, na ukuta unakuumbua mbele za watu. Basi alfajiri, tumbo tupu, natwanga vyeupe vyote vitatu, na kile kidogo cha tezi, na cha vitamini, vyote kwenye kikombe kimoja. Nakoroga na maji, nagugumia, nafuta mdomo. Dozi ya siku imeisha wakati wenzangu bado wanakoroma. Hata Fundi amesema hajapata kuona mgonjwa mwenye nidhamu namna hii.

Swali la kwanza. Ganzi ipo kwenye ncha za vidole, kidogo tu, na hiyo ni tapentaini. Mchora mabango asiye na ganzi ni mwongo au mgeni. Mdomo nao unawasha kama nimebusu siafu. Sijabusu siafu wala mwingine yeyote, kwa hiyo ni hewa. Mwandiko ulipinda kwa kuwa niliandikia gotini.

Juzi nikivuta kamba ya kupigia mistari mkono ulinikaza, vidole vikakataa kufunguka. Nikaukung'uta, ukajua mwenye mji ni nani.

Wiki ijayo tunapaka nyeupe, Jumatatu inayofuata naanza S. S ndiyo herufi ya kiburi kuliko zote. A unaisimamisha kwa rula, N ni ngazi tu iliyolala, lakini S haina pa kushikia, ni bega tupu. Nimeshaichora kichwani mara mia.

Halafu nakujua, Dada. Usimwandikie Fundi. Akisikia nina hata mafua, ukuta unakwenda kwa Kijiti, na S ya Kijiti ni kulabu ya kutundikia nyama.

Fundi Mtarajiwa


26 Machi

Fundi,

Shikamoo. Mimi ni dada wa kijana wako, yule aliyepasuliwa shingo. Tulionana siku ile uliyomleta hospitali kwa mkokoteni wa rangi kwa sababu alikataa kubebwa.

Naomba umshushe kwenye ukuta. Ana ganzi vidoleni na mdomo unamwasha, na daktari alinionya juu ya hayo hayo. Yeye anasema ni tapentaini. Mkono umeshamkaza mara moja, na safari hiyo alikuwa chini. Mpeleke wakampime damu. Akikataa, basi angalau asipande.

Usimwambie imetoka kwangu. Atanuna mwezi mzima. Heri anune.

Dada yake


2 Aprili

Dada,

Leo hupati shikamoo, nina hasira na sauti yenyewe sina ya kuzitolea.

Fundi ameninyang'anya ukuta. Jumatatu asubuhi nimefika na brashi zangu nimezichana kama nywele za bibi harusi, nakuta Kijiti yuko juu ya ngazi. Nikauliza, "Fundi, huyu amepotea njia?" Akasema, "Wewe utachanganya rangi huko chini." Nikamwuliza kosa langu. Akaangalia kofia yake. Akasema twende hospitali wakanipime. Nikamwambia anipime yeye, kwa rula, tuone nimepungua wapi. Mtu ambaye hasemi mara mbili, safari hii sababu hata mara moja hakuisema.

Najua anachofikiri. Anafikiri walivyolitoa rovu walitoa na ufundi. Wote wananitazama shingo kwanza, uso baadaye. Jana msimamizi wa kiwanda ameniambia, "Kaa kivulini, kijana, pole." Pole. Nimekaa miaka mitatu na donge la ukubwa wa ngumi kooni na hakuna aliyeniambia nikae kivulini.

Kijiti siku nne yuko kwenye S ileile. Ameipaka, ameifuta, ameipaka. Leo amenifuata kimyakimya akaniambia, "Mzee, hili bega la S linashikwaje?" Nimemwambia linashikwa kwa mkono.

Kesho saa sita wakienda kula, napanda. Simwombi mtu ruhusa ya kushika kitu changu. Vidole vikitaka kukaza vikaze, vitakaza vikiwa na brashi ndani. Nakuandikia wewe tu, kwa sababu uko mbali na huwezi kunishika miguu.

Mwenye Ukuta


4 Aprili

Dada wa kijana,

Salaam. Mimi si mwandishi, nitaandika kwa ufupi.

Jana alipanda tukiwa tunakula. Kwa kama saa nzima hakuna aliyejua. Tuliporudi tulimkuta juu kabisa, mkono wa kushoto umeshika ngazi, wa kulia umesimama hewani. Vidole vimejikusanya kama mtu anayetia chumvi chunguni, na brashi imeanguka. Nikamwita ashuke. Hakushuka. Kumbe ule wa kushoto nao ulikuwa umejikaza na haukubali kuiachia ngazi. Uso ulikuwa unamchezacheza. Kijiti alipanda, akamfungua vidole kimoja kimoja, akamshusha mgongoni. Sijui yule mwembamba alipata wapi nguvu.

Hospitali wamemwekea dripu ya kalsiamu, polepole, na nyaya kifuani kuangalia moyo. Wanasema ilishuka sana. Yuko macho. Jana jioni ameshaanza kubishana na nesi.

Makosa ni yangu. Uliniambia nimshushe, nikamshusha, ila sikumwambia kwa nini, nikamwacha afikiri anadharauliwa. Mtu mwenye ufundi ukimwambia hawezi, anapanda. Hata mimi ningepanda. Barua yako ilikuwa kwenye koti langu. Nilimfunika nalo asione baridi. Ameisoma.

S aliimaliza. Sijaona nyingine kama ile.

Fundi


10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine nitakupa ukiniomba vizuri.

Umeniendea kwa mlango wa nyuma. Sawa, na mimi nilikuendea kwa mlango wa nyuma, nilikwambia tapentaini huku najua tapentaini haiingii mdomoni. Tumelingana. Lakini wewe uliandika kwa siri, mimi nilidanganya waziwazi, kwa hiyo kwa heshima nimekuzidi.

Mwandiko huu mbaya ni wa sindano, iko kwenye mkono wa kulia. Usianze.

Nesi ni yuleyule wa kovu. Nilimweleza utaratibu wangu wa kikombe nikingoja anipongeze. Akavuta kiti akakaa. Akasema, "Rudia, nataka niwaite wenzangu." Wakaja wanne. Nikarudia. Wa mwisho alitoka nje kucheka.

Kumbe 1×3 ni kimoja, halafu baadaye kimoja, halafu baadaye kimoja. Mwili hauchukui kalsiamu yote kwa mkupuo, unachukua kiasi chake, nyingine inapita moja kwa moja hadi chooni. Na vyeupe hivi vinataka chakula, tumbo tupu haviyeyuki sawasawa. Na kile kidogo cha tezi hakitaki kuonana na vyeupe kabisa, vinakikamata njiani hakifiki, kwa hiyo nilikuwa naua kalsiamu na tezi kwa kikombe kimoja. Kinamezwa peke yake nikiamka, maji matupu, halafu saa nne zipite kabla ya cheupe cha kwanza. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nilikuambia. Ulikuwa unaniuliza kama nina mchumba."

Bado haijaisha. Kila wakiweka dripu, kalsiamu inapanda, kesho yake imeshuka tena. Siku ya tatu wakapima madini mengine, magnesiamu, wakakuta nayo imekauka. Daktari akasema bila hiyo kalsiamu haikai. Hiyo nimeielewa upesi kuliko wao: ni rangi isiyo na gundi, unapaka leo, kesho imebanduka. Wameniongeza na hiyo. Tangu juzi vidole vyangu ni vyangu.

Vitezi vinne bado vimelala. Nimemwuliza daktari vikikataa kuamka? Akasema nitameza maisha yote. Alisema kwa sauti ya chini kama anatangaza msiba. Nikamwambia, Daktari, hata kula nitakula maisha yote, mbona hilo hunipi pole?

Kijiti amekuja kunitazama. Amesema A anaiweza lakini U, N na I ananiachia. Nimemwambia aguse B aone.

Mgonjwa wa Kitanda cha Dirishani


17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikuombi radhi. Ungekuwa wewe umeona jino langu la kwanza likitoka, ungeandika barua mbili, si moja.

Nimeongea na mkubwa wa hapa kazini. Kuna nafasi kwenye meza ya kukunja sare. Kiti, kivuli, dirisha, saa ukutani, chakula kwa wakati wake. Zahanati iko ng'ambo ya barabara. Unakunja, unaweka, unakunja. Mkono ukikaza, kinachoanguka ni shati.

Sisemi huwezi. Fundi ameniandikia kuhusu S, na mimi nilijua kabla yake. Lakini ngazi haijui una kipaji. Na wewe ni yuleyule, ukikuta rangi haijakauka utasema kidonge kingoje kidogo, na msimamizi wa kiwanda akikupigia kelele utangoja zaidi, kwa sababu unataka waseme fundi, fundi. Nimekufundisha kusoma, kuoga, kufunga kamba za viatu. Kushuka ngazini hukufundishika.

Njoo. Nimeshakusafishia godoro.

Dada yako


24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hapana.

Ni mimi


6 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yangu iliyopita ilikuwa fupi kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa fupi. Hii ni ndefu, kaa.

Nilipotoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwa Fundi, hata nyumbani sikupita. Nikamwambia mambo matatu. Moja, nimepimwa damu na nitapimwa kila wiki mpaka daktari achoke, na cheti nitakuletea, Fundi, usome mwenyewe. Mbili, saa nne, saa nane na jioni nakula na kumeza, hata kama mkono uko katikati ya herufi. Tatu, ganzi ikija ya ukubwa wa sisimizi, nashuka na nasema. Sisemi tapentaini. Sasa nipe ukuta au nipe mshahara wangu niende kukunja mashati. Fundi akaangalia kofia yake. Akasema, "Kijiti, mshikie ngazi."

Kwa hiyo ulipokosea ni hapo tu, Dada. Ulisema sifundishiki kushuka. Sifundishiki na mtu, kweli.

Kijiti ameshachora A na B. B yake ilikuwa na tumbo la mtu aliyekula cha wenzake. Nimemkaza mkanda kidogo, sasa inapita. U nimeimaliza Jumatatu, N jana. Sasa leo.

Leo saa nane kasorobo niko kwenye I, juu kabisa. Chini kunakuja msimamizi, yule wa pole. Kesho asubuhi mwenye kiwanda anapita kuuona ukuta, na huyu alishamwambia umekwisha tangu wiki iliyopita. Ananiambia nisishuke mpaka nimalize. Nikamwambia saa nane nashuka. Akasema herufi imebaki nusu. Nikasema nusu yake itaningoja, haina miguu.

Saa nane ikafika. Nikaanza kushuka. Akasimama chini ya ngazi, mkono kiunoni. "Kama unaumwa sema tulete mtu mzima. Watu wagonjwa sitaki kwenye ukuta wangu."

Watu walikuwepo. Wanawake wa kufunga sabuni wametoka mapumziko, madereva, mlinzi. Miezi miwili iliyopita ningepanda tena, Dada, nikwambie kweli. Ningepanda mpaka juu na kuimba na sauti yangu mbovu ili wajue siumwi. Mguu mmoja ulishaanza kurudi.

Nikashuka. Nikamwambia, na sauti imerudi sasa, ilisikika hadi getini: "Sishuki kwa sababu naumwa. Nashuka kwa sababu ni saa nane. Nisiposhuka ndiyo nitaumwa."

Akamgeukia Fundi. "Mtoe huyu, mpandishe yule mwembamba."

Fundi akasema, "Mimi nilimshusha mara moja bila kumwuliza. Nusura nimzike. Leo kashuka mwenyewe, na wewe unataka nimpandishe?" Akavuta debe la rangi, akakaa, akafungua mkate wake. Kijiti akalala chini kabisa, kofia usoni. Amesema mwembamba gani, yeye hapa hamwoni mwembamba.

Basi msimamizi akabaki amesimama na ukuta wake.

Nimekaa kwenye kopo, mgongo kwenye N yangu, rangi imekauka usiogope. Nimekula mkate na mayai mawili. Nimekitoa kile cheupe, nikakiinua juu wote wakione, kikubwa kama kifungo cha koti, nikakimeza taratibu bila kukikoroga. Mmoja wa wale wanawake wa sabuni amekuja akaniuliza kwa sauti ndogo ni dawa ya nini, na anashika shingo yake mwenyewe huku anauliza. Nimemwonyesha kovu. Nimemwambia akienda hospitali, amsikilize nesi, asimtongoze.

Siji huko, Dada. Godoro lipe paka. Ukinikumbuka, njoo wewe siku moja usimame ng'ambo ya barabara, utafute mtu anayeshuka ngazini saa nane kamili huku watu wanamfokea.

Msimamizi bado yuko hapa mbele yangu. Amenitazama nikiandika ukurasa mzima. Sasa hivi ameniuliza, kwa adabu kidogo, nitamaliza saa ngapi.

Nimemwambia nikimaliza kutafuna.

Mdogo wako,
Fundi